Kutoka KAPE hadi KPSEA: Mitihani ya Shule ya Msingi katika Ukanda wa Kahawa

Kahawa Sukari, wadi ya eneo bunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, imejengwa kwenye ukanda ambao wakati wa ukoloni ulikuwa wa mashamba makubwa ya kahawa. Leo ukanda huo umejaa nyumba za kupanga, maduka na shule nyingi, za umma na za kibinafsi. Watoto wake wamepimwa kwa mitihani yenye majina mengi: KAPE, CPE, KCPE na sasa KPSEA. Nyuma ya kila jina kuna hesabu moja: nafasi za kusonga mbele ni ngapi, na nani wataachwa nje?

Chini ya ukoloni, hesabu hiyo ilifanywa kwa rangi ya ngozi. Watoto wa Wazungu, Waasia na Waafrika walisoma katika shule tofauti na kufanya mitihani tofauti. Ripoti ya Kamati ya Beecher ya mwaka 1949 iliigawa elimu ya Mwafrika katika vipindi vitatu vya miaka minne minne, na kila kipindi kikawekewa lango. Mtihani wa darasa la nne uliwaondoa watoto wengi mapema. Waliovuka walikutana na KAPE katika darasa la nane, mtihani ulioamua nani angeingia shule chache za sekondari kama Alliance na Mang'u. Kwa mtoto wa kibarua wa shamba la kahawa, kufika kwenye KAPE kwenyewe kulikuwa ushindi.

Wakikuyu wa Kiambu walitafuta njia nyingine. Walianzisha shule huru, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akafungua Chuo cha Ualimu cha Githunguri. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ilizifunga shule hizo pamoja na chuo, na lango likabaki lile la serikali na misheni. Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, alifanya KAPE mwaka 1954 na kuingia Alliance mwaka uliofuata. Baadaye aliandika jinsi Kiingereza kilivyokuwa hakimu wa mwisho: mtahiniwa angeweza kung'aa katika masomo mengine yote, lakini akianguka Kiingereza, ameanguka mtihani mzima.

Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi katika mitihani, haukuondoa mchujo. Mfumo mpya ulikuwa na miaka saba ya shule ya msingi, na mwisho wake ukawa CPE. Ilikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati na karatasi ya jumla iliyochanganya historia, jiografia na sayansi. Majibu yalikuwa ya kuchagua. Kiswahili hakikutahiniwa. Shule za msingi zilijaa haraka kuliko sekondari zilivyojengwa, na wazazi wakachanga fedha kujenga shule za Harambee ili waliokosa nafasi za serikali wasirudi nyumbani. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikosoa mtihani uliowapima watoto kwa kukariri, huku wengi wao wasingeiona sekondari kamwe. Katika miaka iliyofuata watungaji, akiwemo mtafiti Anthony Somerset, waliongeza maswali ya kufikiri na yaliyogusa maisha ya vijijini.

Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, liliundwa mwaka 1980. Miaka mitano baadaye ukaja mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, na mtihani wake wa darasa la nane, KCPE. Mwaka huo huo wa 1985 chuo kilichoanzia kwenye kambi ya zamani ya jeshi la Uingereza hapo Kahawa, jirani ya Kahawa Sukari, kikawa Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kimeendelea kufundisha walimu wengi wa nchi hii. Kwa Kiswahili, KCPE ilikuwa mapinduzi. Lugha iliyokuwa pembeni ikawa ya lazima, na insha ikatiwa alama. Mzazi aliyekuwa akikipuuza alianza kumnunulia mtoto kamusi.

KCPE ilianza na jumla ya alama 700. Tangu mwaka 2001 ikawa 500, baada ya sanaa, muziki, sayansi kimu na elimu ya biashara kutolewa kwenye mtihani. Matokeo yalionekana madarasani: somo lisilotahiniwa lilipoteza nafasi yake kwenye ratiba, na vipindi vyake vikamezwa na mitihani ya mwigo. Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 iliongeza watahiniwa, nazo shule za kibinafsi zikauza alama kama bidhaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo, na mwaka 2014 serikali ikasimamisha kuorodhesha shule kwa matokeo. Tamaa ya kuwa namba moja haikuisha kwa amri hiyo.

KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, na watahiniwa zaidi ya milioni 1.4. KPSEA ya gredi ya sita, iliyoanza mwaka 2022 chini ya mtaala wa umilisi, inachanganya mtihani wa mwisho na tathmini za shuleni, na haimzuii mtoto yeyote kuingia gredi ya saba. Kwa mara ya kwanza, mtihani wa shule ya msingi haumfungii mtoto mlango. Lakini chekecheke halikutupwa. Limesogezwa hadi gredi ya tisa, ambako KJSEA ilifanywa mara ya kwanza mwaka 2025 ili kuwagawa wanafunzi katika shule za sekondari ya juu.

Historia hii inatufundisha kutopima mageuzi kwa jina la mtihani wala kwa idadi ya karatasi zake. Tuyapime kwa madawati yanayomsubiri mtoto upande wa pili wa lango, na kwa ubora wa mwalimu anayesimama mbele yake. Wazazi wa Kahawa Sukari, na wenzao kote nchini, wadai hayo mawili kwanza kabla ya kuuliza mtoto amepata alama ngapi.