Habari za Amplifaya Iliyoundwa Majumbani

Mtu akiimba mbele ya mikrofoni, au sindano ikipita katika mifereji ya santuri, umeme unaotokea ni mdogo mno. Hauwezi kutikisa hata karatasi ya spika. Yapasa kiwepo chombo katikati, kiupokee umeme ule dhaifu na kuutoa wenye nguvu, wala kisiongeze neno lisilokuwamo. Chombo hicho huitwa amplifaya. Wengi waliweza kuitengeneza ipige kelele. Kuifanya iseme kweli kuliwatoa wataalamu jasho kwa miaka arobaini, na habari hii ni ya kijana mmoja aliyelipatia jambo hilo njia, kisha akaiandika gazetini ili kila mwenye mikono na subira aijenge nyumbani kwake.

Kwanza tueleze taa zenyewe. Ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa yote, nayo mafundi wa redio huiita vali. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming, Mwingereza, aliitengeneza yenye sehemu mbili ndani: moja hupata moto na kutoa chembe za umeme, nyingine ni bamba linalozipokea. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akatia sehemu ya tatu katikati, kiwavu cha waya mwembamba. Umeme kidogo ukifika katika kiwavu hicho hutawala umeme mwingi unaopita, kama vile kibao kidogo katika mfereji wa shamba kinavyozuia na kuachilia maji mengi. Ndiyo siri yote ya kukuza sauti kwa vali.

Lakini vali ina kasoro yake. Haikuzi sawasawa: umeme mdogo huukuza kwa kadiri moja na mkubwa kwa kadiri nyingine, na kwa hiyo huzaa sauti ambazo mwimbaji hakuziimba. Sauti mbili zikiingia pamoja, hutoka na ya tatu na ya nne. Mwalimu wa kwaya ataelewa mara moja ubaya wake. Mwimbaji mmoja katika santuri aweza kusikika vizuri, ila wakiingia wote wa sauti nne pamoja, maneno huvurugika, wala hujui nani anaimba nini.

Dawa ilipatikana juu ya maji. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, Harold Black, mhandisi wa maabara za Bell, alikuwa katika kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini New York. Wazo likamjia, akaliandika palepale juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo, New York Times. Alisema hivi: tuchukue sehemu ya sauti itokayo mwishoni, tuirudishe mwanzoni ikiwa imegeuzwa kinyume, ipambane na ile inayoingia. Ni kama mwalimu wa imla anayelinganisha daftari la mtoto na kitabu; kilicho sawa hukiacha, kilichozidi hukikata. Nguvu hupungua sana, lakini makosa nayo hupungua kwa kadiri ileile. Wakati ule watu walitafuta nguvu kwa bidii, na huyu anasema itupwe! Hata ofisi ya hataza ya Marekani ilisitasita, na hataza yake aliyoiomba mwaka 1928 haikutolewa mpaka Desemba 1937.

Sasa tufike kwa kijana wetu. David Theodore Nelson Williamson alizaliwa Edinburgh, katika Uskoti, mwaka 1923. Wakati wa vita vikuu vya pili alifanya kazi katika kampuni ya Marconi-Osram mjini London, iliyokuwa ikitengeneza vali, na huko ndiko alikobuni amplifaya yake. Mwaka 1946 akarudi Edinburgh kwa kampuni ya Ferranti, na katika matoleo ya Aprili na Mei 1947 gazeti la Wireless World likachapisha maelezo yake yote: mchoro, vipimo, na namna ya kuunda. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Hakuanza na mikono mitupu. Gazeti lilelile lilikuwa limechapisha mwaka 1934 amplifaya ya W. T. Cocking, nayo ilipendwa sana. Williamson aliifuata kwa mengi, akaongeza daraja moja la kukuza, kisha akaizungushia dawa ya Black. Njia ya sauti yataka vali sita: nne ndogo za L63 na mbili kubwa za KT66. Vali ya kwanza hukuza. Ya pili huigawa sauti njia mbili zilizo kinyume. Mbili zinazofuata huziongezea nguvu. Na zile kubwa mbili hufanya kazi kama watu wawili wenye msumeno mmoja mrefu, huyu akivuta yule akiachia. Mwishoni hutoka wati 15 tu. Basi sehemu ya sauti hurudishwa kutoka mwisho hadi vali ya kwanza, na nguvu ya kukuza hupungua mara 10. Kisichokuwamo katika sauti ya asili hakizidi sehemu 1 katika 1,000. Kipimo hicho kikawa ndicho watu walichopimia amplifaya nyingine kwa miaka mingi.

Wala msidhani kazi ilikuwa rahisi kwa mwenye kuijenga. Vali zote mbili za mwisho huungana na spika kwa njia ya transfoma, na hapo ndipo wengi walipokwama. Williamson alitaka waya wa upande wa vali uzungushwe mara 4,400, uliogawanywa katika mafungu kumi, na kati ya mafungu hayo upitishwe waya mnene wa upande wa spika. Kwa nini taabu hiyo? Kwa sababu sauti inayorudishwa yapaswa kufika kwa wakati wake. Transfoma mbaya huzichelewesha sauti za juu mno na kuziwahisha za chini mno, hata ile iliyokuja kupinga ikageuka kuwa ya kuunga mkono. Hapo chombo huanza kupiga chenyewe. Pengine hunguruma polepole kama pikipiki, na pengine hulia juu kabisa pasiposikika na sikio, fundi asijue neno mpaka spika imeungua. Aliyenunua transfoma ya bei nafuu, akafuata mambo mengine yote barabara, alipata hasara hiyo. Kwa maoni yangu mchoro wenyewe ulikuwa na upungufu hapa, maana hata kwa vifaa vizuri nafasi iliyobaki kabla ya kulia ilikuwa nyembamba.

Tena kulikuwa na hatari ya mwili. Amplifaya hii hutumia umeme wa volti 450, nao waweza kuua. Makapasita huuweka hata baada ya kuzima swichi. Mafundi wazee huwafundisha vijana kutia mkono mmoja mfukoni wanapogusa chombo kilicho na umeme, ili usipite kifuani toka mkono hadi mkono.

Hata hivyo watu walijenga. Uingereza baada ya vita ilikuwa na upungufu wa vitu vingi, lakini vifaa vya jeshi viliuzwa kwa bei ndogo, na wengi walikuwa wamejifunza ufundi wa redio jeshini. Santuri nazo zilikuwa zimeanza kuwa bora. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa Marekani santuri ya kuzunguka polepole, yenye muziki mrefu. Huko Marekani, David Sarser, mpiga fidla katika okestra ya NBC iliyoongozwa na Toscanini, alishirikiana na Melvin Sprinkle wakaibadili amplifaya ya Williamson itumie vali za 807, wakaichapisha mwaka 1949. Nimependa sana kwamba mmoja wao alikuwa mtu aliyeketi kila juma katikati ya fidla zenyewe. Sikio lake lisingedanganywa.

Katika miaka ya 1950 viwanda viliiga, kisha vikaiacha kwa ajili ya mipango yenye madaraja machache na transfoma isiyo ghali. Williamson mwenyewe aligeukia mashine za kukata chuma zinazoongozwa kwa hesabu, mwaka 1968 akachaguliwa katika Royal Society, na mwaka 1992 akafariki. Vali za namna ya KT66 zingali zinatengenezwa Urusi na China, na wako wanaojenga chombo kile hadi leo kwa mchoro wa 1947, na fedha yao nyingi huishia katika transfoma.