Ufa wa Machi, Tetemeko la Mei

(Muziki wa kipindi unapungua.)

MTANGAZAJI: Leo tunakwenda Bugoye, wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Baadhi yenu mlivuka pale Mpondwe, mkapita Bwera na mizigo kichwani, kwa hiyo milima hiyo mnaijua. Tunauliza hivi: janga likipita na nyumba ikabaki imesimama, utajuaje kama unaweza kulala ndani?

Turudi mwaka 1966, Kasese ikiwa bado sehemu ya Toro. Alfajiri ya tarehe 20 Machi ardhi ilitetemeka upande wa Bwamba, ikatikisa Uganda na Kongo pamoja. Watu zaidi ya 150 walikufa, na maelfu ya nyumba zikaharibika. Halafu, mwezi Mei mwaka huo huo, ardhi ikatikisika tena kwa nguvu. Hebu fikiria ukuta uliopata ufa mwezi Machi, ukazibwa kwa udongo, watoto wakarudishwa ndani. Huo ndio ukuta uliokutana na tetemeko la Mei.

Februari 1994 likaja jingine, la Kisomoro, karibu na Fort Portal, lenye ukubwa wa 6.2.

Tetemeko hupima kuta. Nyumba ya miti na udongo hupinda. Udongo hudondoka, lakini miti hushikana. Nyumba ya matofali isiyo na chuma wala nguzo za zege haipindi, hupasuka. Wengi huidhania salama kwa kuwa iligharimu zaidi. Anza kuitazama kwa nje, kabla hujaingia. Je, ufa unakwenda mshazari kutoka kona ya dirisha? Unaonekana pande zote mbili za ukuta? Kona zimeachana? Mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa umekwama? Moja tu kati ya hayo latosha kukufanya ulale nje, ukangoje fundi.

Huko California, Marekani, tangu mwaka 1989 wakaguzi hubandika karatasi mlangoni: kijani ingia, njano ingia kwa masharti, nyekundu usiingie. Ni utaratibu mzuri, ila karatasi ya kijani husema habari za siku ilipobandikwa. Tetemeko likirudi, ukaguzi unaanza upya.

Mafuriko ni kesi nyingine, nayo Kasese imeyaonja sana. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukarudia Mei 2014. Mei 2020 ulifurika tena, pamoja na Mubuku unaopita Bugoye na Lhubiriha wa kule mpakani Bwera. Hospitali ya Kilembe ilipigwa 2013, ikapigwa tena 2020. Maji hayatikisi ukuta. Yanachimba chini yake. Kuta zaweza kuwa nzima kabisa huku msingi unaning'inia. Na tofali lisilochomwa, kama yale mengi mliyojengea hapo kambini, likishalowa hupoteza nguvu. Ukuta waweza kuanguka siku kadhaa baada ya mvua kukatika, jua likiwaka na watu wameshatandika mikeka.

Kwa hiyo baada ya maji, inama. Zunguka nyumba yote ukitazama pale ukuta unapokutana na ardhi, na uguse tofali la chini kabisa. Likimeguka kwa kidole, toa watu kwanza, vyombo baadaye.

(Muziki.)