Kirejeshamoshi, si "Uzungushaji Upya"

Kirejeshamoshi ni mtambo wa injini ya dizeli unaochukua sehemu ya moshi uliokwisha kutoka kwenye silinda na kuurudisha kwenye njia ya hewa, uingie tena pamoja na hewa safi. Moshi huo una oksijeni kidogo, na kabonidayoksaidi na mvuke wa maji vilivyomo hufyonza joto. Mwako hupoa, na oksidi za nitrojeni, ambazo hutengenezeka kwa wingi joto linapopita takriban nyuzi 1,500 za Selsiasi, hupungua. Malori makubwa ya Marekani yaliupokea mtambo huu kwa wingi kuanzia mwaka 2002, na baadhi ya watengenezaji wa Ulaya wakafuata. Leo umo katika malori mengi yanayopita Msamvu, Morogoro, kuelekea Iringa na Tunduma, na katika baadhi ya malori madogo ya Kenta yanayoshusha kabichi kutoka Mgeta, milimani Uluguru. Mafundi huuita kwa herufi tatu, EGR, kifupi cha Kiingereza exhaust gas recirculation. Herufi hizo zinawafaa wanaojua tayari. Mwanafunzi wa ufundi hazimfundishi kitu.

Walioona pengo hilo wamelijaza kwa haraka. Tafsiri moja inayopendwa na watunga orodha ni "uzungushaji upya wa ekzosi", na wengine, kwa kujitahidi zaidi, huongeza "gesi" katikati. Ni tafsiri ya kamati: kila neno la asili limepewa mwenzake, na maana haikuulizwa. Katika gereji za Morogoro ekzosi ni bomba. Fundi atakayetii istilahi hiyo neno kwa neno atalala chini ya gari, afungue bomba na kulizungusha. Neno "upya" nalo linazidisha utata, kwa kuwa halielezi iwapo kinachofanywa upya ni moshi, bomba au kazi yenyewe.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye kitenzi. Kuzunguka ni kwenda duara, na kwa Kiswahili kinachozunguka hakina pa kutokea: damu huzunguka mwilini, maji huzunguka kati ya injini na rejeta. Moshi wa injini hauna mzunguko wa namna hiyo. Sehemu yake kubwa huenda zake nje, na ni sehemu tu inayogeuzwa njia na kurudi ilikotoka. Kitenzi cha tendo hilo kipo, nacho ni kurejesha. Shina lake ni rejea, kutoka Kiarabu raja'a, kurudi. Kiswahili kimelizalisha shina hilo hadi likawa la nyumbani: marejeo ya kitabu, rejea ya mtafiti, marejesho ya mkopo wa kikoba. Katika yote hayo kitu kilichotoka mahali kinarudi mahali palepale, kikiwa kizima au kwa sehemu. Marejesho ya mkopo hufanywa kidogo kidogo, na hakuna anayeyaita mzunguko.

Neno moshi limepingwa kwa hoja inayodai kuwa ya kisayansi: kwamba moshi ni kile kinachoonekana, na kinachorudi injini ikiwa nzima ni gesi isiyoonekana. Hoja hiyo inadhani Kibantu kilianza kufikiri baada ya kupata maabara. Moshi ni neno kongwe la ukoo huo. Wanyarwanda husema umwotsi. Ndugu yake, mosi, limo katika jina la maporomoko ya Mosi-oa-Tunya kule Zambia, moshi unaonguruma, ingawa hapo hakuna moto wala masizi, ni manyunyu ya maji. Maana ya neno, basi, imekuwa pana tangu zamani: ni kile kinachofuka na kupanda. Mtu anayesema moshi wa gari umemuumiza kichwa hajasubiri kwanza auone ukiwa mweusi.

Isitoshe, neno moshi linafundisha ugonjwa wa mtambo wenyewe. Kinachoziba vali ya mtambo huu, inayoruhusu au kuzuia moshi kurudi, ni masizi, yanayochanganyika na mvuke wa oili na kuganda kwenye kuta za manifoldi ya hewa. Istilahi yenye "gesi" humfanya mwanafunzi ajiulize gesi inawezaje kuziba tundu. Istilahi yenye "moshi" imekwisha kumjibu kabla hajauliza.

Muundo wa kirejeshamoshi ni ule wa kipimajoto, kipazasauti na kinasasauti: kiambishi cha kifaa, kitenzi, kisha kitendwa. Wanaisimu wanaweza kulalamika kwamba kirejeshi tayari ni mali ya sarufi, yaani kiambishi kama cho katika "kitabu nilichosoma". Ndiyo sababu neno halikatwi. Likitajwa zima, hakuna atakayechanganya vali na sarufi. Tendo lenyewe ni urejeshaji moshi, unaorudishwa ni moshi rejeshi, na kipoozeo cha moshi huo kabla haujaingia kwenye hewa ni kipozamoshi. Ukoo mzima unapatikana kwa neno moja, moshi. "Uzungushaji upya" haujazaa hata mtoto mmoja.

Lipo neno jingine linalohitaji kunyooshwa. Kubadili mtambo huu ili usifanye kazi kumeanza kuitwa "marekebisho ya EGR". Kurekebisha ni kuweka sawa kilichoharibika. Kubana bati lisilo na tundu kati ya vali na manifoldi, au kuifuta vali kwenye programu ya kompyuta ya injini, ni uzibaji, na uitwe hivyo. Hoja ya wazibaji ni nguvu ya kupanda mlima. Lakini katika injini nyingi kirejeshamoshi kizima hujifunga, au hukaribia kufunga, mzigo unapokuwa mkubwa, na hufunguka zaidi mzigo unapokuwa mdogo. Gari linaloelekea Nyandira, kule Mgeta, likiwa na shehena, gia ya chini na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, halinyimwi nguvu na vali inayofanya kazi. Hunyimwa na vali iliyoganda kwa masizi ikiwa wazi. Kuiziba vali hiyo hurudisha nguvu, na ndiyo maana uzibaji umepata sifa isiyo yake. Usafishaji ungeirudisha vilevile.

Kwa matumizi: kirejeshamoshi hufunguliwa, husafishwa masizi, hukaguliwa kama vali inakwenda na kurudi, na kipozamoshi hupimwa kama kinavujisha maji ya rejeta, dalili yake ikiwa maji kupungua bila tone chini na moshi mweupe kutoka. Kikizibwa, joto la mwako na oksidi za nitrojeni hupanda, na katika injini zinazoongozwa na kompyuta taa ya injini huweza kuwaka na injini kujipunguzia nguvu. Oksidi hizo huwasha mapafu, na juani huzalisha ozoni karibu na ardhi. Kwa hiyo uzibaji si suala la fundi na injini tu: Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007.