Samaki wasio na bei mwaloni

Ukishuka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kinachogombewa ni dagaa na migebuka. Vile visamaki vya kwenye mawe nani ana habari navyo? Ila Ulaya na Marekani watu wanavifuga sebuleni, ndani ya tangi la kioo lililopangwa mawe, mchanga na makombe ya konokono, maji yakitiwa madini mpaka yakaribie ya Ziwa Tanganyika, yenye pH ya karibu 9.

Aliyeikuza sana biashara hiyo ni Mbelgiji Pierre Brichard, aliyesafirisha samaki hai kutoka Bujumbura miaka ya 1970. Mwaka 1974 mwanasayansi Max Poll alimpa samaki mmoja jina la brichardi. Mwingine, Tropheus moorii, alipewa jina la Mwingereza Moore tangu 1898. Wapiga mbizi wa ziwani, waliowashika samaki wenyewe kwa nyavu, hawamo kwenye majina hayo, na hilo linanikera.

Huyo brichardi ana kituko: watoto wakubwa hawaondoki nyumbani, hubaki wakilinda mayai na wadogo zao. Kwenye tangi unaliona hilo ukiwa umekaa kwenye kochi. Ziwani, lazima uzame.