Pembea ya Bahari

Tangu mvua za 1997, neno "elnino" limepata uraia kwetu. Barabara ikigeuka mto, mtu husema, "Hii sasa ni elnino," wala hakumbuki wavuvi wa Peru waliouita "mtoto", yaani Yesu mchanga, mkondo wa maji ya vuguvugu uliowafikia karibu na Krismasi. Mtoto huyo amekuwa akilaumiwa, na hata kusifiwa, kwa kazi ya mwingine. Mwaka 2015 Pasifiki ilipata joto kali, watu wakazibua mitaro, vuli ikaja bila kishindo cha 1997. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu imetulia, vuli ikafurika.

Huyo mwingine yuko hapa hapa, Bahari ya Hindi. Mwaka 1999 wanasayansi walimpa jina daipoli. Wafasiri wakasema "ncha mbili". Si kosa, ila ncha hukaa kimya, na maji haya hayakai. Upepo wa mashariki ukizidi, maji ya vuguvugu husukumwa upande wetu, huku Sumatra maji baridi yakipanda kutoka vilindini. Mawingu hufuata joto, nasi tunanyeshewa. Hali ikigeuka, joto hurundikana Sumatra, hewa huku kwetu hushuka badala ya kupanda, na vuli hupita bila kubisha hodi. Mimi ningeiita pembea.

Zaidi ya hapo kuna "chanya" na "hasi", maneno ya hesabu ambayo masikioni yanakuwa baraka na laana. Daipoli ya 2019 ilikuwa chanya: huku mafuriko, Australia ukavu uliochochea mioto mikubwa. Chanya kwa nani?

Hasi tuliionja 2022, ikiambatana na La Niña, yaani kupoa kwa Pasifiki, iliyodumu mwaka wa tatu. Kusini mwa Ethiopia, Somalia na kaskazini mwa Kenya, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo tangu mwishoni mwa 2020. Tusiite hali hiyo kiangazi. Kiangazi ni msimu, kina siku zake za kuja na kuondoka, na mfugaji hukipangia safari. Ukame huanza pale mvua iliyosubiriwa isipokuja. Ndani ya neno hilo sikio langu husikia kukama: kiwele kimeshakamuliwa hadi tone la mwisho, na mkono bado unavuta.