Tumbawe likiugua ndani ya tangi: utalitambuaje na utalihudumiaje?

Tumbawe halikohoi wala halilii. Likiugua, huonyesha kwa rangi yake, kwa nyama yake na kwa namna linavyojifungua na kujikunja. Anayefuga matumbawe nyumbani ana siku chache, na wakati mwingine saa chache tu, za kuzisoma dalili hizo kabla hajampoteza mnyama wake.

Kwa watu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, neno matumbawe huleta picha ya mawe, yale yaliyojengea majumba ya kale ya Lamu, Kilwa na Unguja. Mawe hayo ni mabaki ya wanyama. Tumbawe hai ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, kila mmoja akiwa na mdomo na minyiri ya kunasia chakula. Chini ya nyama yao laini hujenga mfupa mgumu wa chokaa.

Katika nchi kama Ujerumani, Uingereza na Marekani, wako watu wengi wanaofuga wanyama hawa sebuleni ndani ya matangi ya vioo yenye maji ya chumvi. Sehemu kubwa ya matumbawe yanayouzwa hutoka Indonesia na Australia. Mengine hukuzwa kutokana na vipande vilivyokatwa kwenye matangi ya wafugaji wenyewe. Ni burudani ya gharama, na tumbawe likifa, mara nyingi mwenye tangi hajui lilikufa kwa nini.

Linaishi kwa msaada wa mwani

Ili kuelewa ugonjwa wa tumbawe, ni muhimu kwanza kujua linavyokula. Matumbawe mengi ya maji ya joto yana mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho, unaoishi ndani ya nyama yao. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha mwenyeji wake. Rangi ya kahawia tunayoiona kwenye matumbawe mengi hutokana na mwani huo.

Maji yakipata joto kupita kiasi, au mwanga ukiwa mkali ghafla, ushirika huo huvunjika. Tumbawe huupoteza mwani wake na kubaki jeupe. Hali hiyo huitwa kupauka. Ndiyo iliyoikumba miamba ya Bahari ya Hindi mwaka 1998, ikiwemo ya Kenya na Tanzania, na ndiyo inayoweza kutokea ndani ya tangi kwa sababu ya hita iliyoharibika au taa mpya iliyowashwa kwa nguvu zote tangu siku ya kwanza.

Dalili tano za kuangalia

Ya kwanza ni kupauka. Tumbawe huwa jeupe au hafifu, lakini ukilitazama kwa karibu utaona nyama angavu bado ipo na polipu bado zinatikisika au kushika chakula. Tumbawe lililopauka lina njaa, ila halijafa. Likifa, mfupa hubaki mtupu wenye kingo kali, na baada ya siku chache huota mwani wa kijani juu yake. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu wapo wanaotupa tumbawe ambalo lingeweza kupona.

Ya pili ni nyama kubanduka. Mara nyingi huanzia chini, kwenye kitako, na kupanda juu polepole kwa siku au wiki. Hii huashiria kwamba maji yamekuwa yakiyumba kwa muda. Lakini ipo aina nyingine ya haraka, hasa kwa matumbawe yenye matawi ya jamii ya Acropora, ambapo nyama huanguka vipande vipande na tawi zima huweza kubaki mfupa ndani ya siku moja.

Ya tatu ni ute wa kahawia. Huonekana kama uji mzito unaoelea juu ya tumbawe na una harufu mbaya ukitolewa majini. Hushambulia sana matumbawe yenye minyiri mirefu ya jamii ya Euphyllia, hasa baada ya kujeruhiwa. Ndani ya ute huo huwamo bakteria na vijidudu vingine vinavyokula nyama, na huweza kuhama kutoka kichwa kimoja hadi kingine kwa mkondo wa maji.

Ya nne ni polipu kutofunguka. Siku moja si tatizo, kwani tumbawe hujikunja likiguswa, likihamishwa au samaki akilipitia. Likijikunja siku tatu au nne mfululizo, kuna jambo.

Ya tano ni alama za kung'atwa au kuchomwa. Minyoo bapa na konokono wadogo wasio na gome hula nyama ya tumbawe na kuacha madoa meupe. Wengi wao hujificha mchana, hivyo kagua usiku kwa tochi. Vilevile matumbawe hupigana. Mengine hurefusha minyiri yenye sumu usiku na kumchoma jirani. Ukiona upande mmoja tu ndio ulioharibika, angalia nani anakaa upande huo.

Pima maji kabla ya kugusa tumbawe

Wafugaji wazoefu wana kanuni moja: tumbawe likiugua, mgonjwa wa kwanza kumchunguza ni maji. Kwenye matangi ya nyumbani, chanzo cha dalili nyingi ni maji yaliyobadilika, na dawa yoyote itakayowekwa juu ya maji mabovu ni hasara.

Vipimo vinavyofaa kwa tangi la matumbawe ni hivi:

Joto: nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi, bila kupanda na kushuka sana kati ya mchana na usiku.
Chumvi: takriban gramu 35 kwa kila kilo moja ya maji.
Alkalini: kati ya 7 na 10 kwa kipimo cha dKH.
Kalsiamu: miligramu 400 hadi 450 kwa lita.
Magnesiamu: miligramu 1,250 hadi 1,400 kwa lita.
Naitreti: miligramu 2 hadi 10 kwa lita.
Fosfeti: miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita.
Amonia: isiwepo kabisa.

Mambo matatu huwachanganya wanaoanza. La kwanza ni maji safi kupita kiasi. Naitreti na fosfeti zikifika sifuri, mwani ulio ndani ya tumbawe hukosa virutubisho na tumbawe hufifia rangi. La pili ni maji yanayopungua kwa mvuke. Mvuke huondoka na maji pekee, chumvi hubaki. Kwa hiyo kila siku ongeza maji baridi yaliyochujwa vizuri, yasiyo na chumvi. La tatu ni shaba. Dawa nyingi za kutibu vimelea vya samaki zina shaba, na shaba huua matumbawe hata ikiwa kidogo. Samaki mgonjwa atibiwe kwenye tangi lake la pembeni.

Huduma ya kwanza

Ukishajua kilichoharibika kwenye maji, kirekebishe polepole. Alkalini isipande zaidi ya dKH moja kwa siku. Joto lishushwe taratibu, si kwa kumwaga barafu ndani ya tangi. Kubadilisha sehemu ya maji, asilimia 10 hadi 20, kwa maji mapya yenye joto na chumvi inayolingana, ni hatua salama kwa karibu kila tatizo.

Kwa tumbawe lililopauka, punguza mwanga au lishushe chini ya tangi, kisha uongeze mwanga kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Lilishe vyakula vidogo sana vya wanyama wa baharini mara mbili au tatu kwa wiki, kwa sababu halina tena mwani wa kutosha kulilisha. Kupona huchukua wiki nyingi, pengine miezi.

Kwa ute wa kahawia, zima pampu kwanza ili ute usisambae. Unyonye kwa mpira mwembamba na umwage nje ya tangi. Kisha litoe tumbawe, likate kichwa kilichoathirika kwa kupita kwenye mfupa, na usirudishe kipande kibovu majini.

Kwa nyama inayobanduka haraka, kukata ndiyo njia ya kuokoa kinachoweza kuokolewa. Kata sentimita moja au mbili ndani ya sehemu yenye afya, mbali na mstari wa kidonda, kisha gundisha kipande hicho kwenye kitako kipya na ukiweke mahali penye mkondo mzuri wa maji.

Kwa wadudu, chovya tumbawe kwenye bakuli la maji ya tangi yaliyotiwa dawa ya kuogeshea matumbawe au ayodini, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Suuza, na maji ya bakuli yamwagwe nje. Kumbuka kwamba dawa hizi haziui mayai. Kwa hiyo kwangua mayai unayoyaona na urudie kuogesha baada ya siku chache.

Kinachoua matumbawe mengi yaliyokuwa yanaelekea kupona ni haraka ya mwenye tangi. Leo anabadilisha taa, kesho anamwaga dawa, keshokutwa anahamisha tumbawe. Badilisha jambo moja, subiri, pima tena, na andika tarehe na vipimo kwenye daftari.

Jilinde wewe na familia yako

Kuna aina inayofanana na vifungo vidogo vya rangi, iitwayo zoantidi, ambayo hupendwa na wengi kwa sababu ni rahisi kufuga. Baadhi yake, hasa jamii ya Palythoa, zina palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazotokana na viumbe. Mwaka 2018 huko Oxfordshire nchini Uingereza, watu 10 walipelekwa hospitali, wakiwemo wazima moto wanne, baada ya sumu hiyo kusambaa hewani wakati tangi la nyumbani lilipokuwa likisafishwa.

Kwa hiyo vaa glovu na miwani ya kinga kila unapokata au kuhamisha matumbawe. Usichemshe kamwe mawe yaliyotoka kwenye tangi, usiyamwagie maji ya moto, na usiyasugue yakiwa makavu. Ukipata homa, kutetemeka, kikohozi, kukosa pumzi au ladha ya chuma mdomoni baada ya kazi hiyo, toka nje pamoja na wote waliomo ndani, nenda hospitali na umweleze daktari kwamba uligusa matumbawe yenye palitoksini. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii. Hospitali hutibu dalili na kusaidia upumuaji, na ndiyo maana kuwahi ni muhimu.

Karantini na asili ya tumbawe

Magonjwa na wadudu wengi huingia na tumbawe jipya. Liweke kwenye tangi la karantini wiki nne hadi sita kabla ya kulichanganya na mengine. Muulize muuzaji limetoka wapi. Biashara ya kimataifa ya matumbawe yenye mfupa mgumu inasimamiwa na mkataba wa CITES, na kulivusha mpakani kunahitaji kibali. Tumbawe lililokuzwa tangini limeshazoea maisha ya kioo, na kulinunua hakupunguzi chochote baharini. Kwa anayeishi pwani, kulivunja kutoka mwambani ili kulipeleka nyumbani ni kuharibu mazalio ya samaki.

Ujuzi wa matangini tayari unatumika baharini. Mwaka 2014 karibu na Miami, Florida, uligunduliwa ugonjwa unaobandua nyama ya matumbawe magumu. Umeshashambulia zaidi ya aina 20 na kuenea hadi Karibiani. Wapiga mbizi hupaka lahamu yenye dawa ya amoksilini kwenye vidonda, jambo linaloweza kuzuia kidonda kisiendelee lakini halizuii kipya kutokea. Ndiyo sababu matumbawe mazima yalitolewa baharini na kutunzwa kwenye matangi ya umma ili uzao wake usipotee. Mwaka 2019 wataalamu wa Florida Aquarium walifanikiwa kulifanya tumbawe la nguzo lizae ndani ya tangi.

Kwa anayefuga nyumbani, kazi ya kila siku ni ndogo zaidi: dakika tano asubuhi za kutazama, kipimajoto kinachofanya kazi, na vipimo vya maji mara moja kwa wiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa tumbawe huchukua miaka mingi kujengeka.