Neno la Wiki: Stendapu si kikao

Kijana mmoja mwandishi wa programu aliniambia asubuhi hapokei simu, wana "kikao cha stendapu". Nilipomtembelea ofisini niliwakuta wamekaa, vikombe vya chai mezani, karibu saa nzima, kila mmoja akimsomea mkubwa wao ripoti. Hicho ni kikao kweli, maana kikao kimetokana na kukaa. Stendapu, neno tuliloazima kwa Waingereza, ni kusimama, na watu husimama kwa makusudi: miguu ikianza kuchoka, maneno hupungua. Mwongozo wa Skramu, utaratibu wa timu kupanga na kufanya kazi pamoja, ulioandikwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unautengea mkutano huu wa kila siku dakika 15, tena ni wa watengenezaji wenyewe kupanga kazi yao, si wa kutoa hesabu kwa bosi.

Mkutano ni neno pana. Watu wamekutana, wakae wasikae. Basi tuseme "mkutano wa kusimama", au stendapu peke yake. Likizuka jambo linalotaka mjadala, wanaohusika wabaki na wengine warudi kazini. Hao waliobaki wakivuta viti, hapo waite kikao.